Fahamu: Jinsi ya kuchomoa flashi salama kwa kutumia amri

Ukinakili picha za harusi kwenye flashi na kompyuta ikaonyesha kazi imekwisha, huenda bado haijaisha. Linux huziweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, RAM, kisha huziandika kwenye flashi chinichini. Ukichomoa wakati huo, faili huharibika, na pengine flashi nzima hukataa kufunguka.

Kwenye Linux, andika lsblk uone jina la flashi. Tuseme ni sdb1. Kisha:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1

Kwa kawaida amri hii haidai nywila ya msimamizi, tofauti na sudo umount /dev/sdb1. Isubiri imalize, hata ikichukua dakika kadhaa, kwa sababu hapo ndipo data zinapomaliziwa kuandikwa. Kwa diski ya nje, ongeza udisksctl power-off -b /dev/sdb ili izimike kwanza.

Ukijibiwa "target is busy", kuna programu inayoishikilia. Amri ya lsof, ikifuatwa na anwani ya folda ya flashi, itakutajia. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyo ndani ya folda hiyo: andika cd, utoke. Tafadhali usikimbilie umount -l. Huificha flashi tu, ilhali uandishi huenda unaendelea.

Kwenye Mac ni diskutil eject /dev/disk4, baada ya kuhakikisha namba kwa diskutil list. Windows 10, tangu toleo la 1809, imepangwa kuruhusu uchomoaji wa haraka, lakini hata huko usichomoe faili zikiwa bado zinanakiliwa.