Kuoka samaki nyumbani: dakika za saumoni haziwezi kutumika kwa sangala

Video ni fupi. Kipande cha saumoni chenye rangi ya machungwa kinalala ndani ya sahani, kinamwagiwa asali, ndimu, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, kinakaa humo saa nzima, kisha kinaingia ndani ya furu ya umeme kwa dakika 15. Mwishoni nyama inafunguka yenyewe chini ya uma. Mama mwenye kuangalia video hiyo akiwa Mulongwe huko Uvira, ao Kadutu huko Bukavu, ananunua sangala ao tilapia mbili, anafuata maneno yote, na mezani analeta samaki kavu kama ubao. Mara ingine nyama inakuwa imelegea na kumeguka ovyo hata mbele ya kuona moto. Pesa imekwisha kwenda, na watoto wanangojea na bugali yao.

Kwa jamaa ambayo inanunua samaki kubwa mara moja kwa juma, ao siku ya sikukuu tu, hiyo si hasara ndogo. Na mara mingi mupishi hana kosa lolote: maelezo ya video yalitengenezwa kwa samaki ingine kabisa.

Saumoni ni samaki ya inchi za baridi. Inazaliwa ndani ya mito, inashuka baharini kukomaa, kisha inarudia mutoni kutaga mayai. Ile yenye kuuzwa sana duniani leo haivuliwi, inafugwa ndani ya vizimba vya baharini, na Norvege ndiyo inaongoza kwa kufuga saumoni ya Atlantiki. Hata ile rangi yake ina historia: saumoni ya porini inaipata kwa kula wanyama wadogo wa jamii ya kamba, na ile ya kufugwa inaipata kwa sababu wafugaji wanatia kitu hicho hicho ndani ya chakula chake. Wakongomani wenye kuishi Ubelgiji, Ufaransa ao Kanada wanaizoea kwa sababu inapatikana katika kila duka. Huku kwetu si samaki ya sokoni, na hakuna sababu ya kuihuzunikia.

Tofauti kubwa ni mafuta. Ndani ya gramu 100 za saumoni ya kufugwa kuna karibu gramu 13 za mafuta. Ndani ya gramu 100 za tilapia, mafuta hayafiki hata gramu 2. Sangala ya Ziwa Tanganyika, ndugu wa kapiteni ya Ziwa Albert, nayo ina nyama nyeupe isiyokuwa na mafuta mengi. Mafuta ndiyo yanamusamehe mupishi: saumoni ikizidishiwa dakika tano inabaki na unyevu, lakini sangala ikizidishiwa dakika tano imekwisha kukauka. Kwa hiyo mwenye kutumia mapishi ya saumoni kwa samaki ya maziwa yetu anapaswa kubadilisha mambo mawili: wakati wa kulowesha samaki ndani ya viungo, na wakati wa kuiacha kwenye moto.

Tuanze na kulowesha, kwa sababu hapo ndipo samaki nyingi zinaharibika. Watu wengi wanafikiri kwamba samaki ikilala usiku muzima ndani ya ndimu itakuwa tamu zaidi. Ndimu ina asidi, na asidi inafanya kwa nyama ya samaki kazi ileile ya moto: inaikaza na kuibadilisha rangi kuwa nyeupe. Wakaaji wa Peru wana chakula chao cha jadi, ceviche, ambamo samaki mbichi inapata sura ya kuiva kwa ndimu tu, bila moto wowote. (Sura tu, kwa sababu ndimu haiui vijidudu vyote namna moto unaviua.) Ukiacha sangala ndani ya ndimu saa tatu, kisha ukaitia motoni, ni kama kuipika mara mbili. Inatoa maji yake yote, na ladha inabaki chungu.

Kwa vipande visivyokuwa na ngozi, dakika 15 mpaka 20 ndani ya ndimu zinatosha. Samaki nzima yenye ngozi inaweza kukaa nusu saa ao zaidi kidogo, mradi ikatwe mistari mitatu ao ine kila upande mpaka karibu na mufupa ili viungo viingie. Siki inafuata sheria ileile. Lakini kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, majani ya seleri na puaro havina haraka hiyo. Mwenye kutaka kutayarisha asubuhi kwa ajili ya mangaribi anaweza kusaga viungo hivyo pamoja na mafuta, apake samaki, aiweke ndani ya friji, na ndimu aikamue tu wakati makala yanaanza kushika moto. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote kwa mutu mwenye friji.

Chumvi inastahili maneno yake. Ukimumunya kijiko kimoja kikubwa cha chumvi ndani ya glasi moja ya maji, ukalaza vipande vya samaki humo dakika 10, kisha ukavipangusa vizuri, nyama inashika maji yake zaidi ikifika motoni. Wapishi wa saumoni wanafanya hivyo ili kuzuia ule utelezi mweupe wenye kutoka juu ya nyama wakati moto ni mukali. Ule utelezi si mafuta, wala si uchafu. Ni protini yenye kusukumwa inje na joto. Kwa sangala faida ni kubwa zaidi, kwa sababu haina mafuta ya kuilinda. Ila mwenye kupitisha samaki ndani ya maji ya chumvi asitie tena chumvi nyingi katika viungo. Na kama anatumia Maggi, basi chumvi ya pili aiache kabisa.

Asali, ambayo video nyingi zinaisifu, inapendeza juu ya saumoni kwa sababu ya mafuta yake. Juu ya makala inaungua upesi na kuwa nyeusi. Kama mutu anaipenda, aipake dakika tatu za mwisho. Kwa ladha ya huku, mafuta ya mawese kidogo, nyanya iliyosagwa na pilipili ya mbichi vinafanya kazi nzuri kuliko asali, na vinalinda nyama isikauke.

Chombo nacho kinahesabika. Sufuria za aluminiamu, zikiwemo zile zenye kutengenezwa na mafundi wa muji, hazifai kwa kulowesha samaki ndani ya ndimu: asidi inakula aluminiamu na kuacha ladha ya chuma. Bakuli ya plastiki, ya kioo ao sahani ya udongo inafaa zaidi. Sababu hiyohiyo inafanya ile karatasi ya aluminiamu isiwe rafiki wa samaki yenye ndimu nyingi, isipokuwa kama mutu ametandika jani la ndizi katikati.

Na jani la ndizi linatukumbusha kwamba Kongo haikungojea furu ya umeme. Kinshasa na kando ya muto Kongo, liboke ni samaki iliyotiwa viungo, ikafungwa ndani ya majani na kuwekwa juu ya moto wa polepole. Jani linafanya kazi ya mafuta ya saumoni: linazuia maji kutoka, na samaki inaiva kwa mvuke wake yenyewe. Mwenye kukosa furu Uvira ao Butembo ana njia hiyo tayari. Anapitisha jani la ndizi juu ya moto kidogo ili lilainike lisipasuke, anafunga samaki mara mbili, anaiweka juu ya waya wa mbabula wakati makala yamekwisha kuwa na majivu meupe, na anaigeuza mara moja tu.

Kwa wale wanaotaka samaki yenye ngozi kavu na rangi, namna watu wanaoka keki bila umeme inafaa pia. Unachukua sufuria kubwa na nzito, unatia muchanga safi ao mawe madogo chini, unaifunika, unaiacha juu ya makala dakika 15 ipate joto. Kisha unaingiza samaki ndani ya sahani ya chuma iliyopakwa mafuta, unarudisha kifuniko, na juu ya kifuniko unatandika makala yenye moto. Moto wa juu ndio unaleta rangi. Bila huo, samaki inaiva lakini inabaki na uso wa samaki ya kuchemshwa.

Jambo moja halina muzaha: makala hayawashwi ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na unaua watu wakiwa wamelala. Wakati wa mvua watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga mulango. Afazali kula saa tatu usiku kuliko kufanya hivyo.

Wakati wa kuoka, kipimo cha zamani chenye kupitia kwa wapishi wa Kanada kinasaidia: pima samaki fasi ilipo nene zaidi, hesabu dakika 10 kwa kila sentimeta mbili na nusu, ndani ya furu ya digri 200 ao zaidi. Kipande cha sangala chenye unene wa sentimeta tatu kinataka basi dakika 12 hivi. Samaki nzima ya kilo moja inaweza kufika nusu saa. Juu ya makala hakuna mutu mwenye kujua digri, kwa hiyo macho ndiyo yanatawala. Ingiza ncha ya kisu karibu na mufupa wa mugongo: nyama ikiwa ya kungaa kama kioo, bado. Ikiwa nyeupe muzima na inaachana na mufupa bila kulazimishwa, toa mara moja, hata kama dakika hazijafika. Mwenye kuwa na kipima-joto cha jikoni anatafuta digri 63 katikati ya nyama. Kisha samaki inapumzika dakika tano ikiwa imefunikwa, na inaendelea kuiva polepole katika muda huo. Watu wengi wanasahau hili: samaki yenye kuonekana imeiva kabisa juu ya moto itakuwa imepita kiasi mezani.

Hakuna viungo vyenye kufufua samaki iliyolala juani. Sokoni, angalia jicho: liwe limejaa na la kungaa, si la kuzama. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama kwa kidole; shimo likibaki, endelea kwa muuzaji mwingine. Hatari ni kubwa zaidi kwa Thomson, ile samaki ya baridi yenye kuingia kutoka inje. Ikiyeyuka na kukaa fasi ya joto, nyama yake inaweza kutengeneza sumu yenye kuwasha mudomo, kupasha uso joto na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ndimu nyingi zitaficha harufu tu. Nayo maji ya viungo yaliyobaki ndani ya bakuli baada ya kulowesha samaki mbichi yasimwagwe juu ya samaki iliyoiva. Yatupwe, ao yachemshwe kwanza mpaka yatokote vizuri.

Uangalifu huu wote una sababu yake ziwani pia. Ziwa Tanganyika linagawanywa kati ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa zaidi, karibu 45 kwa mia, iko upande wa Kongo. Wavuvi wa Kalundu na Kalemie wanalalamika kwamba nyavu zinarudi na samaki kidogo. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu zenye macho madogo vina sehemu yao. Joto nalo lina sehemu yake: maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye chakula cha viumbe vidogo ambavyo ndagala inakula, na ndagala ikipungua, mukeke na sangala wanakosa cha kula. Mwaka wa 2024 inchi za ziwa zilipatana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki zipate kuzaana. Wavuvi waliumia, na jikoni pia paliumia.

Wakati samaki kubwa haipatikani, ao bei inashinda mufuko, viungo hivyohivyo vinafaa kwa sambaza mbichi ya Ziwa Kivu, lakini hapo ndimu inakaa dakika tatu tu, na sambaza zinatandazwa mustari mumoja ndani ya sahani ya chuma, zisirundikane, la sivyo zitachemka badala ya kuoka. Dakika nane zinatosha. Kichwa cha sangala, ambacho mapishi ya saumoni yanatupa bila kusema neno, kinabaki kwa muchuzi wa kesho pamoja na nyanya na lengalenga.