Kuhama Dar kwenda Mwanza: Ulizia kwanza mzigo wa kurudi

FAMILIA inayohama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza huanza kwa kuulizia bei ya lori. Mwenye gari hutaja kiasi, mwenye vyombo hulalamika, dalali huingilia kati, bei hushuka kidogo na siku ya kupakia hupangwa. Mara nyingi hakuna aliyeuliza gari hilo litarudi Dar limebeba nini, wala nani atalipa kabati likivunjika kabla ya kufika Shinyanga.

Maswali hayo mawili ndiyo yenye fedha, na ndiyo yanayomtenganisha mhamishaji wa kazi na mtu mwenye lori tu.

Nauli za mabasi hupangiwa viwango na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Gharama ya kubeba mizigo ni makubaliano, na makubaliano humfaa anayejua mahesabu ya mwenzake. Safari ya Mwanza kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwenye gari hahesabu kwenda peke yake. Anahesabu dizeli ya kwenda na kurudi, posho ya dereva na utingo, matairi, na siku ambazo gari halitafanya kazi nyingine.

Tuseme, kwa mfano tu, gharama zote hizo pamoja na faida yake ni shilingi milioni 3. Kama hana mzigo wa kurudi, mwenye vyombo atabebeshwa milioni 3 zote, hata kama hataambiwa hivyo. Kama kuna mfanyabiashara wa mchele anayemsubiri kule kwa shilingi milioni 1.3, basi milioni 1.7 inamtosha kwa safari ya kwenda. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile.

Ndiyo maana mwezi wa kuhama una thamani yake. Kuanzia Mei hivi mpunga wa Shinyanga huanza kuingia sokoni na msimu wa pamba nao hufunguliwa. Magari hutakiwa huko bara, na mwenye lori aliyeko Dar huona afadhali apande na vyombo vya watu kuliko kupanda tupu kufuata mchele. Likizo ya shule ya Juni huangukia humo humo, jambo ambalo wazazi wangelipenda hata bila punguzo. Anayengoja Januari, wiki ya shule kufunguliwa, hukuta kila mtu anahama na gari la kurudi na mzigo ni la kutafuta kwa tochi.

Kosa la pili liko kwenye tani. Mteja huambiwa gari ni la tani 3.5, naye hudhani amenunua tani 3.5. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi lakini vinajaza. Kanuni ya siku nyingi ya wahamishaji wa Marekani ni pauni 7 kwa kila futi moja ya ujazo, yaani karibu kilo 112 kwa mita moja ya ujazo. Canter yenye bodi ya urefu wa mita 4.3, upana wa mita 2 na mzigo wa kimo cha mita 2 ina mita za ujazo 17 hivi. Ikijaa makochi, vitanda na makabati itakuwa imebeba kilo 1,900 tu. Nafasi imekwisha, uzito bado.

Kwa hiyo hesabu inayofaa ni ya nafasi. Kwa milioni 1.7, kila mita ya ujazo ndani ya Canter hiyo inagharimu shilingi 100,000. Kwa milioni 3 inagharimu zaidi ya 176,000. Seti ya makochi inayokula mita 3 itasafiri kwa 300,000 katika gari la kwanza, na kwa karibu 530,000 katika la pili. Ikiwa Dar inauzika 400,000 na ya kufanana nayo Mwanza ni 750,000, pengo ni 350,000. Basi ibebwe kwenye gari la mchele, lakini iuzwe mapema kama gari lililopo ni la kurudi tupu. Mke na mume wanaweza kugombana juu ya kochi la harusi, na hiyo si kazi ya ukurasa huu, lakini angalau wagombane wakijua bei yake.

Mfanyabiashara anayehama na duka lake ana nafuu zaidi. Tani moja ya misumari haifiki mita moja ya ujazo, kwa hiyo anaweza kuilaza chini na vyombo vikakaa juu, akatumia uzito ambao ameshaulipia. Masharti ni mawili. Stakabadhi za EFD za bidhaa hizo ziwe mkononi mwa dereva, kwa sababu mzigo wa biashara hauwi vyombo vya nyumbani kwa kufunikwa na godoro. Na uzito usipite wa gari: magari ya kuanzia tani 3.5 hupimwa kwenye mizani chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Gunia la mkaa lililobaki jikoni ligawiwe majirani, kwani mkaa ni zao la misitu na husafiri kwa kibali.

Sasa swali la kabati.

Wengi huridhika wakionyeshwa kwamba lori lina bima kubwa. Bima hiyo hulinda gari lenyewe na watu wengine litakaowadhuru. Kwa kawaida haigusi mali iliyopakiwa ndani yake. Mali hiyo huhitaji bima yake, ya mali safarini, na kampuni ya kuhamisha inayojiheshimu inayo au humkatia mteja. Mteja aombe kuona hati yenyewe, jina lililoandikwa, tarehe na kiwango cha juu cha fidia.

Humo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kutaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Mwenye mali ya milioni 20 akiandikisha milioni 10, na hasara ikawa milioni 4, anaweza kulipwa milioni 2, kwa sababu mwenye bima hulipa kwa uwiano wa kile kilichoandikishwa. Wa pili ni maboksi. Bima nyingi za namna hii hazilipi sahani zilizovunjika ndani ya boksi alilofunga mwenyewe mwenye mali. Anayetaka kuokoa gharama ya kufungiwa afunge nguo, vitabu na mashuka, awaachie wahamishaji vioo, televisheni na vyombo vya udongo.

Dalali anayeonyesha gari si lazima awe na gari hilo. Kadi ya gari na leseni ya kubeba mizigo zioanishwe na jina la anayepokea fedha. Malipo ya awali yasizidi nusu, na salio lilipwe vyombo vikishuka. Mkataba utaje tarehe ya kupakia na ya kufika, maana familia inayongoja kitanda siku nne kwenye nyumba ya wageni inalipa lori mara ya pili. Uandike pia kama gari litapita moja kwa moja au litachukua mizigo mingine Dodoma, kwani kila kupakua na kupakia upya huongeza mikwaruzo.

Wanaoendelea Sengerema na Geita wamepunguziwa jambo moja: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, hivyo gharama ya kungoja kivuko haina tena sababu ya kuwemo kwenye bei. Ikionekana, ikatwe.

Kila boksi lipewe namba, na orodha iwe nakala mbili zilizosainiwa wakati wa kupakia. Kule Mwanza dereva atakuwa na haraka, mwenye mchele anampigia simu. Asisainiwe karatasi ya kupokea kabla ya kuhesabu, na kilichovunjika kiandikwe juu ya karatasi hiyo hiyo, mbele yake, kabla hajawasha gari.