Sanduku la Barua ni Mlango wa Amana

Sisi wa pwani tumezoea sanduku lililoko Posta, pengine la msikiti au la shule, likitumiwa na nyumba nyingi. Binti zetu waliohamia Marekani na waume zao hukuta desturi nyingine: tarishi huleta barua hadi nyumbani, na humo mna kadi ya benki na hata kibali cha ukaazi. Tunawausia wazijue kanuni.

Sanduku la kando ya njia huwekwa kitako chake kikiwa inchi 41 hadi 45 juu ya barabara, na mlango wake inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo. Likitiwa kufuli, liachiwe tundu la kutosha kutumbukizia barua, kwani tarishi hapokei ufunguo wa mtu. Katika majumba ya ghorofa, kila mpangaji ana kisanduku na ufunguo wake, na tarishi hufungua safu nzima kwa ufunguo wa Posta.

Barua ya jirani ikiangukia kwako, mama, irudishe bila kuifungua. Suratun Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe, na barua ni amana.