Dawa ya Aleji na Usingizi: Tufahamu Kabla ya Kumeza

Msimu wa kupukuchua mahindi tukizunguka vijijini tunakuta wengi wakipiga chafya, macho mekundu, pua zinatiririka. Wanakimbilia dukani kununua Piriton. Halafu tunaulizwa: "Mbona hii dawa inanilaza mchana?"

Aleji ni nini?
Mwili una walinzi wake. Kwa mwenye aleji, walinzi hao huona vumbi, chavua ya maua au manyoya ya paka kuwa ni adui. Hapo mwili hutoa kemikali iitwayo histamini. Histamini ni kama ufunguo. Ikiingia kwenye vitasa vyake puani, machoni au kwenye ngozi, inaleta mwasho, uvimbe na makamasi.

Dawa inafanya nini?
Dawa haiondoi histamini. Inaziba tundu la kitasa ili ufunguo usiingie.

Usingizi unatoka wapi?
Ndani ya ubongo histamini ina kazi nyingine: inasaidia kutuweka macho. Piriton, yaani klofeniramini, hupenya hadi kwenye ubongo na kuziba vitasa vya huko pia. Basi unasinzia. Dawa za baadaye kama loratadini na setirizini haziingii sana ubongoni, kwa hivyo usingizi wake ni mdogo, ingawa setirizini bado huwalaza wengine.

Tuangalie haya:
1. Ukimeza Piriton usiendeshe bodaboda wala usishike mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Hata kama hujisikii usingizi, akili yaweza kuchelewa, na kidole hakingoji.
2. Usichanganye na pombe. Kama unatumia dawa nyingine, uliza kwanza.
3. Usimpe mtoto ili alale upate kufanya kazi. Ikizidi yaweza kumwua. Kipimo chake kitoke kwa mhudumu wa afya.
4. Mtu akiumwa na nyuki au akila kitu, kisha ulimi uvimbe au ashindwe kupumua, mkimbizeni hospitali mara moja. Tembe haitoshi hapo. Anahitaji sindano ya adrenalini.

Mjadiliane kikundini:
- Ni kazi gani zetu zinatimua vumbi, na je, kitambaa puani kingepunguza haja ya dawa?
- Nani kati yetu huwapa watoto dawa hii bila kuuliza?
- Usiku mtu akishindwa kupumua, gari tutapata kwa nani?