Sura ya Sita: Bodi ya Kamera kwa Mpira wa Kikapu Ukumbini

Mechi ya shule ikichezwa kwenye kiwanja cha saruji saa nne asubuhi, karibu kamera yoyote itakutosha. Jua linafanya kazi kubwa, wewe unafanya iliyobaki. Mechi hiyo hiyo ikihamishiwa ukumbini, tofauti za kamera hujitokeza kabla robo ya kwanza haijaisha. Mzazi aliyenunua kamera mpya yenye lenzi mbili ndani ya boksi moja anaanza kuona picha za mwanawe zina giza, zimejaa chenga, na miguu haina umbo. Anadhani hajui kupiga picha. Mara nyingi anajua vizuri tu. Amenunua kifaa kisichofaa kwa kazi ile.

Nitatumia mpira wa kikapu wa vijana kama mfano kwa sababu unaikaba kamera kila upande: wachezaji wanakimbia, wanaruka, wanakatizana, na wanabadili mwelekeo bila taarifa. Kamera inayomudu kikapu itamudu pia wavu, judo na badmintoni.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu utachagua kwa jina la kampuni au kwa ushauri wa muuzaji. Msichana wa miaka 14 anayekimbilia goli anaweza kwenda kama mita 5 kwa sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu ya 1/125 ya sekunde, mwili wake unakuwa umesogea sentimita 4, na uso wake kwenye picha utakuwa umefutika. Kwa 1/500 anasogea sentimita 1. Kwa 1/1000 ni nusu sentimita, na hapo ndipo nyuzi za jezi na jasho la shavuni vinapoanza kuonekana. Mikono na mpira huenda kasi kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo lenga 1/1000, na usishuke chini ya 1/500 isipokuwa umekusudia kuonyesha mwendo.

Sasa mwanga. Ukumbi wa kawaida wa shule, wenye taa za darini na madirisha machache, hukupa takriban shata ya 1/30 kwa f/2.8 na ISO 100. Kutoka 1/30 hadi 1/1000 umeukata mwanga nusu kwa nusu mara tano, na kila nusu lazima uilipe kwa kupandisha ISO: 200, 400, 800, 1600, 3200. Hiyo ndiyo bei ya kuingia, na ni kwa mwenye lenzi ya f/2.8. Lenzi ile ya kwenye boksi, ukiivuta mbele, haifunguki zaidi ya f/5.6, yaani inapitisha robo tu ya mwanga wa f/2.8. ISO inaruka hadi 12,800. Ukumbi ukiwa hafifu kidogo tu kuliko huo, unafika 25,600, na hapo hata kamera za bei kubwa zinaanza kulalamika.

Kumbi hazilingani. BK Arena ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2019 na kuandaa msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2021, ina taa zinazotosheleza matangazo ya televisheni. Ukiipima kamera yako mahali kama hapo kisha ukaipeleka kwenye ukumbi wa shule, utashangaa. Pima bodi kwa ukumbi hafifu kuliko zote unazotarajia kuingia.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiwashe flashi tukamaliza ubishi. Mtoto aliye hewani, macho yakiwa golini, akimulikwa usoni anaweza kutua vibaya na kuvunjika kifundo. Mashindano mengi yanaikataza, na pale isipokatazwa, mimi naikataza.

Katika sura iliyotangulia tulizungumzia lenzi, na hapa narudia jambo moja kwa sababu linagusa bajeti ya bodi. Tenga pesa ya lenzi kwanza. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8, iwe ya Canon au ya Nikon, ni nyepesi, inapatikana hata iliyotumika, na inakupa zaidi ya stopu moja ya mwanga, yaani zaidi ya maradufu, juu ya lenzi ya f/2.8. Ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho, kando ya nguzo ya goli, inatosha kwa kila kinachotokea kwenye nusu yako ya uwanja. Kinachobaki mfukoni baada ya lenzi ndicho cha bodi.

Kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye bodi ni namna inavyobeba ISO ya 3200 hadi 6400. Zamani wapiga picha wa magazeti waliokuwa wakifuatilia kikapu Marekani walifunga flashi kubwa darini kabla ya mechi, kwa sababu kamera zao hazikuweza kufanya kazi kwa mwanga uliokuwepo. Nikon D3 ilipotoka mwaka 2007, ikiwa na sensa ya fremu kamili ya megapikseli 12 na ISO ya kawaida inayofika 6400, mambo yalibadilika. Sensa ya fremu kamili ina eneo la zaidi ya mara mbili ya sensa ndogo iitwayo APS-C, kwa hiyo katika fremu ile ile inapokea mwanga mwingi zaidi, na chenga zinapungua kwa kiasi cha stopu moja au zaidi kidogo.

Kwetu sisi hili lina uzito wa pekee. Chenga hujificha kwenye sehemu angavu za picha na kuonekana kwenye sehemu za giza. Ngozi nyeusi, iliyopigwa kwa mwanga pungufu, ndiyo sehemu hiyo. Kipimo cha mwanga cha kamera kikiona jezi nyeupe 5 mbele yake kinadhani kuna mwanga mwingi, kinapunguza mwanga wa picha, na nyuso za watoto zinazama. Halafu mpiga picha anaenda kuzipandisha kwenye kompyuta, na chenga zinapanda nazo. Nyuso hizi ndizo sababu ya kazi yote. Weka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, pima usoni badala ya jezini, na usiogope kuandika ISO 6400: picha ya ISO 6400 yenye mwanga sahihi mara nyingi ni safi kuliko ya ISO 1600 iliyopandishwa baadaye. Unapolinganisha bodi mbili, zilinganishe kwa uso wa mtu mweusi kwenye ISO hiyo. Usitumie picha ya chupa na rangi za mfano.

Hata hivyo ISO safi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Chukua Canon mbili ambazo bado zinauzwa sana zikiwa zimetumika: EOS 6D ya mwaka 2012 na EOS 7D Mark II ya mwaka 2014. Ya kwanza ni fremu kamili, na picha zake za ISO 6400 ni safi zaidi. Lakini ina pointi 11 tu za fokasi, na ni ile ya katikati peke yake iliyo ya msalaba, yaani inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Kasi yake ni fremu 4.5 kwa sekunde. 7D Mark II ina sensa ndogo na chenga zaidi, lakini pointi zake 65 zote ni za msalaba, na inapiga fremu 10 kwa sekunde. Kwa harusi na picha za watu waliotulia ningechukua 6D. Kwa kikapu nachukua 7D Mark II bila kusita, kwa sababu programu za leo zinapunguza chenga vizuri, ilhali fokasi iliyoangukia kwenye mabango ya nyuma hairudishwi na programu yoyote.

Watengenezaji hutaja uwezo wa fokasi gizani kwa kipimo cha EV, namba inayoshuka kadiri mwanga unavyopungua. Nikon D500 ya mwaka 2016 inatajwa kufika EV −4 kwenye pointi ya katikati, giza kuliko mbalamwezi. Ukumbi wa shule hauna giza kama hilo. Upo kwenye EV 7 au 8. Lakini kipimo hicho huhusu kitu kilichotulia. Mchezaji mwenye jezi ya buluu iliyokolea, anayekuja mbio huku mlinzi akimkatiza, anaila haraka sana akiba iliyopo kati ya namba hizo. Kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo akiba ilivyo kubwa. Kamera zisizo na kioo za miaka hii zimeongeza kitu kingine: zinamtambua mtu, kisha uso, kisha jicho, na kulifuata hata mchezaji akihama upande wa fremu. Canon R6 ya mwaka 2020 na Sony a7 III ya mwaka 2018 zinafanya hivyo kwa kiwango ambacho mtu anayeanza atapata picha nyingi kali kuliko alivyozoea. Ila uso wa mwamuzi pia ni uso. Jifunze namna ya kuiambia kamera yako imng'ang'anie mchezaji uliyemchagua, na isihame kila mtu akipita mbele.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Umeme wetu, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Rwanda na Kongo, ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya 1/1000 inaona. Kila mpepeso unachukua sehemu ya 1/100 ya sekunde, na shata yako inamega kipande kimoja cha kumi tu cha mpepeso huo. Piga fremu 6 mfululizo za mchezaji anayeruka, uzitazame kwa utulivu kwenye skrini. Ya kwanza ina mwanga mzuri na ngozi ina rangi yake. Ya pili imeingia unjano. Ya tatu ina giza, na nusu ya chini ni ya kahawia huku ya juu ikiwa sawa, kwa sababu mapazia ya shata yalikuwa bado yanapita wakati mwanga wa taa unabadilika. Ya nne imerudi kawaida. Hujagusa kitufe chochote, na hakuna namna ya kuzirekebisha zote kwa pamoja, maana kila moja ina ugonjwa wake.

Canon waliweka dawa ya hili kwenye 7D Mark II: kamera inausoma mpepeso wa taa na kuichelewesha shata kidogo tu, ili kila fremu ipigwe mwanga ukiwa kileleni. D500, a7 III na R6 zinao uwezo huo pia. Nikon D750, bodi nzuri ya fremu kamili ambayo wengi hunipendekezea, haina kwa picha za mnato. Kwa anayepiga ndani ya kumbi wiki baada ya wiki, kukosekana kwa kipengele hiki ni sababu tosha ya kuiacha bodi.

Shata ya kielektroniki ina kasoro ya aina yake. Sensa ya kawaida husomwa mstari kwa mstari, na usomaji ukiwa wa polepole, mpira unakuwa yai na taa za LED zinachora michirizi ukutani. Sensa za tabaka, ambazo husomwa kwa kasi kubwa, zilitatua sehemu kubwa ya tatizo hili. Nikon Z9 ya mwaka 2021 inasoma haraka kiasi kwamba waliondoa kabisa shata ya mitambo. Kama huna bodi ya namna hiyo, ukiwa ukumbini tumia shata ya mitambo, hata kama boksi linajisifu kwa fremu 40 kwa sekunde.

Kuhusu mfululizo wa fremu, 8 hadi 12 kwa sekunde zinatosha. Kwa fremu 10, yule msichana wetu anasogea nusu mita kati ya picha na picha. Kwa fremu 5 anasogea mita nzima, na mpira unaweza kuwa umeshatoka mkononi. Megapikseli zisikusumbue. Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri inahitaji takriban 9. Ukiwa na 20 au 24 una nafasi ya kupunguza kingo, na faili hazijazi kadi wala hazimalizi bando unapowatumia wazazi.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye pesa kidogo anunue D500 iliyotumika, na akiikosa, 7D Mark II, pamoja na ile lenzi ya milimita 85. Mwenye pesa ya kati atafute R6 au a7 III iliyotumika. Mwenye uwezo zaidi achukue R6 Mark II au Nikon Z8 na lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8. Kamera mpya ya daraja la chini yenye lenzi mbili ndani ya boksi aiache dukani, hata kama dhamana yake ni ya miaka mingi.

Bodi iliyotumika ichunguze kwa makini. Uliza idadi ya mibofyo. D500 na 7D Mark II zilitengenezwa kuhimili takriban 200,000. Funika lenzi, piga kwa ISO 6400, kisha tafuta nukta zinazowaka kwenye picha nyeusi. Kama inatoka Mombasa, Tanga au Unguja, angalia nati na pini za betri, kwa sababu hewa ya chumvi huzila. Kisha omba uende nayo ukumbini jioni moja ya mazoezi, uweke 1/1000, upige watoto wakikimbia kuelekea kwako, na uzikuze picha hadi uone kope. Muuzaji akikataa hata kwa amana, tafuta muuzaji mwingine.