Kitunda cha d4 kilichonitia aibu barazani

Ijumaa tatu mfululizo mpwa wangu amenifunga sataranji, mimi nikiwa mweusi, na mara zote kwa ufunguzi uleule. Barazani washaanza kuniuliza diploma yangu niliipata wapi. Basi nimekaa nikausoma ule mchezo, na nilichokipata nawaletea.

Mweupe hufungua kwa kitunda e4, mweusi hujibu e6. Hiyo ndiyo Kinga ya Kifaransa, iliyopata jina kwa mechi ya barua baina ya London na Paris iliyoanza 1834. Mweupe hutia d4, mweusi d5, kisha mweupe husukuma hadi e5. Hapo kati pamefungika. Kitunda cha e5 kimeegemea cha d4, na ndovu wa mweusi aliye c8, yule Wazungu wamwitao askofu na Waarabu fil, amebaki kama aliyefungiwa stoo.

Mimi nilikuwa nikikishambulia kitunda cha mbele, kwa kuwa ndicho kinachoniudhi. Aron Nimzowitsch, katika kitabu chake Mein System cha 1925, afundisha kuwa mnyororo wa vitunda hupigwa shinani. Ndiyo maana mweusi hucheza c5 papo hapo. Mweupe hutegemeza kwa c3, mweusi humtoa farasi c6, mweupe farasi f3, na malkia wa mweusi huja b6. Macho yao yote yako d4.

Ijumaa iliyopita nikayafuata hayo, na bado nikaliwa. Mpwa akamtia ndovu wake d3. Vitunda vikalana d4, nikaona kilichobaki kinalindwa na farasi mmoja tu. Nikakila kwa farasi, akala kwa farasi, nikala kwa malkia, nikatabasamu. Akamsogeza ndovu b5, kumtishia mfalme wangu, na nyuma yake njia ya malkia wake ikawa wazi mpaka kwa malkia wangu.

“Pole, mjomba,” akasema, wala hakuinua kichwa.

Dawa ni subira ya hatua moja. Kabla ya kukila kile cha d4, mweusi amlete ndovu wa c8 hadi d7. Njia ya b5 imezibwa, na sasa d4 yaliwa kweli. Mweupe ama akilinde, ama akitoe makusudi apate kasi ya kushambulia, na wapo wapendao hivyo. Kile cha e5 huguswa baadaye, kwa f6.

Ijumaa hii baada ya Alasiri namngoja. Nimeshamwambia mamake asimtume dukani.