Nchelenge, ugomvi wa kazini humwendea mtani

WAVUVI wawili waliogombana hawawezi kukwepana ndani ya mtumbwi mmoja. Usiku, katikati ya Ziwa Mweru, hasira zao zaweza kuwazamisha wote. Ndiyo maana nilipofika Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, nilitaka kujua ni nani huwapatanisha.

Nilikuta jambo ambalo Watanzania tunalijua vizuri: utani. Kwetu Mngoni humtania Mhehe, makabila yaliyopigana vita karne ya 19. Kule, kama ilivyo kwa Wabemba, utani uko pia baina ya koo, na watani huitwa banungwe. Ukoo wa Mamba hutaniana na ukoo wa Samaki, na wa Chui hutaniana na wa Mbuzi, yaani mlaji na anayeliwa.

Mtani hushughulikia mazishi ya mwenzake. Anaweza pia kumwita mchoyo mbele ya watu na kumtaka amlipe mwenzake, naye haruhusiwi kukasirika. Maneno hayo hayo yakisemwa na mdai, ngumi hurushwa.

Utani haulipi deni, ila hufanya lizungumzike. Sisi wa maofisini hukimbilia barua za onyo. Kabla ya kuandika barua, tumtume kwanza mtani wake.